Asiyekuwepo na lake halipo? Kupima uzito wa dhahabu za Suzanne Schulting

Machi 2021, kwenye mashindano ya dunia ya mbio za barafu za mzunguko mfupi (short track), katika ukumbi wa Dordrecht uliofungiwa watazamaji kwa sababu ya korona, Suzanne Schulting wa Uholanzi alishinda kila kilichoshindaniwa upande wa wanawake. Mita 500, mita 1000, mita 1500, fainali kuu ya mita 3000 iliyokamilisha ubingwa wa jumla, halafu mbio za kupokezana pamoja na wenzake. Dhahabu tano za dunia kwa siku tatu, tena nyumbani kwao.

Lakini Korea Kusini haikuja. China nayo haikuja. Katika mbio za barafu za mzunguko mfupi, hilo ni sawa na marathoni ya dunia kukimbiwa bila Mkenya wala Mwethiopia. Anayeshinda ameshinda, medali anavaa, jina linaandikwa. Ila moyoni kila mtu anajiuliza: wangekuwepo je?

Swali hilo limemfuata Schulting muda mrefu, na wanaolirudia hawaanzii Dordrecht. Wanarudi nyuma hadi Februari 2018, Olimpiki ya majira ya baridi ya PyeongChang, Korea Kusini. Katika fainali ya mita 1000, Wakorea wawili, Choi Min-jeong na Shim Suk-hee, waligongana mzunguko wa mwisho mbele ya watu wao wenyewe, wakaanguka. Schulting akapata dhahabu. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameshapata shaba ya kupokezana bila hata kukimbia fainali kubwa: Waholanzi walikimbia ile fainali ndogo ya wasiofuzu, wakaishinda, kisha waamuzi wakaziondoa China na Kanada katika fainali kubwa, na shaba ikawashukia. Ukiyaweka pamoja, mashtaka yanajipanga vizuri: shaba ya kuachiwa, dhahabu ya wapinzani kuanguka, na dhahabu tano za wapinzani kutokuja.

Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoyasikia yamepangwa hivyo, yaliniingia. Hayana uongo ndani yake. Kila tukio lilitokea kama linavyosimuliwa. Kinachokosekana ni namna mchezo wenyewe unavyokwenda, na hapo ndipo ninapoanza kutofautiana nao.

Uwanja wa mzunguko mfupi ni mdogo: mita 111.12 kwa mzunguko mmoja, ndani ya barafu isiyozidi ukubwa wa ile ya mpira wa magongo. Mita 1000 ni mizunguko tisa. Watu wanne, watano, wakati mwingine zaidi, wanaanza pamoja bila njia za kugawana. Kwenye kona mwili unalala hadi mkono wa kushoto unagusa barafu, na ndiyo maana glavu ya mkono huo huwekewa vifuniko vigumu kwenye ncha za vidole, ili viteleze visikwame. Chini ya mguu kuna chuma chembamba chenye makali. Kosa la mwenzako ni ajali yako. Katika mchezo wa namna hii, kuchagua mahali pa kuwa ni nusu ya kazi yote. Waswahili husema kutangulia si kufika, na ni kweli, lakini hapa anayetangulia ana jambo moja ambalo wa nyuma hana: hakuna wa kumwangukia mbele yake.

Mfano ambao watu hupenda kuutoa ni wa Steven Bradbury wa Australia, Salt Lake City 2002. Alikuwa wa mwisho, nyuma kwa umbali unaoonekana, wote waliokuwa mbele wakaanguka kwenye kona ya mwisho, yeye akapita akiwa amesimama na kutwaa dhahabu ya mita 1000. Wengi humweka Schulting wa 2018 kapu moja na Bradbury. Hapo nakataa kabisa. Mgongano wa Choi na Shim ulitokea nyuma ya Schulting. Alikuwa anaongoza, Kim Boutin wa Kanada na Arianna Fontana wa Italia wakimfuata, na Wakorea walikuwa wanatafuta njia ya kumpita kwa kuzunguka nje. Waligongana kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni yeye. Huwezi kumwambia mtu kwamba ameokota kitu ambacho tayari alikuwa amekishika mkononi.

Ile shaba ya kupokezana ni kesi nyingine. Hapo bahati ilikuwepo, tuseme ukweli. Hata hivyo, katika fainali ile ndogo Waholanzi walikimbia kwa muda uliovunja rekodi ya dunia. Walikuwa wanakimbia bila uhakika wa kupata chochote, wakakimbia hivyo hivyo. Kanuni iliyowapa shaba ilikuwepo kabla hawajafunga kamba za viatu. Naihesabu kuwa bahati, lakini iliyowakuta kazini.

Sasa turudi Dordrecht, maana huko ndiko hoja ya upande wa pili ina nguvu kweli, na sitaki kuipunguza. Ubora wa dunia wa mwaka ule haukupimwa wote. Choi Min-jeong hakuwepo. Wachina hawakuwepo. Mashindano ya dunia ya 2020 yaliyokuwa yafanyike Seoul yalikuwa yamefutwa, kwa hiyo hakuna aliyejua nani yuko wapi. Waliokuja walikuwa wazuri, mmojawapo Courtney Sarault wa Kanada, lakini orodha ilikuwa na matundu. Mtu akiniambia kwamba dhahabu tano za Dordrecht haziwezi kuwekwa mizani moja na dhahabu tano ambazo zingepatikana mbele ya Wakorea, nakubaliana naye.

Ninachomwomba ni asahau kidogo majina na ahesabu mizunguko. Ili kushinda umbali wote, unapita mchujo baada ya mchujo hadi fainali, kila mara ukiwa na watu wengine pembeni wanaoweza kukuchukua miguu. Unafanya hivyo mita 500, ambako kila kitu ni mwanzo wa mbio. Unarudia mita 1500, ambako aliyetoka mapema huchoka na aliyechelewa hufungiwa. Kisha mizunguko 27 ya mita 3000, miguu ikiwa imeshaisha. Kosa moja la kumsukuma mtu, mwamuzi anakuondoa. Kutokuwepo kwa Korea hakulainishi barafu wala hakuzuii Mwitaliano kuanguka mbele yako. Kushinda kila mbio hizo bila kuanguka na bila adhabu ni kazi ambayo asiyekuwepo hawezi kuirahisisha sana. Dhahabu zile nazipunguzia uzito, lakini si kwa kiasi wanachotaka wao.

Kuna jambo pia ambalo mashtaka huliruka. Mwaka 2019, mjini Sofia, Schulting alitwaa ubingwa wa jumla wa dunia, na Wakorea walikuwepo. Upande wa wanaume bingwa alikuwa wao, Lim Hyo-jun. Ukianza kuhesabu kutoka 2018 kisha ukarukia 2021, Sofia unaiacha njiani. Sidhani kama huko ni kupima.

Halafu ikaja Beijing, Februari 2022. Hapa hakuna nchi kubwa ya mchezo huu iliyokosa. Wachina walikuwa nyumbani, Choi alikuwepo, Fontana alikuwepo. Katika robo fainali ya mita 1000 Schulting alikimbia dakika 1 na sekunde 26.514, rekodi ya dunia. Nasisitiza saa kwa makusudi, kwa sababu saa haiangalii nani ameanguka. Fainali ilikuwa na vurugu kama kawaida, Fontana na Mmarekani Kristen Santos wakatoka kwenye hesabu ya medali, lakini Choi alibaki wima na alikuja kwa nguvu zake zote. Mshindi wa mchezo huu huamuliwa na ncha ya mbele ya chuma cha kiatu inapofika kwenye mstari, si kifua wala kichwa. Ndiyo maana mwishoni unaona wanarusha mguu mmoja mbele kama anayepiga teke hewani. Schulting alirusha wake. Dakika 1:28.391 dhidi ya 1:28.443 za Choi. Tofauti ni sekunde 0.052.

Kwangu mimi hizo sehemu ndogo za sekunde ndizo jibu la swali la Dordrecht, kwa kiasi ambacho jibu linaweza kupatikana. Wangekuwepo je? Pengine angeshinda kwa upana wa kidole. Pengine angeshindwa kwa upana huohuo, kama alivyoshindwa Beijing na Fontana mita 500 akachukua fedha, na Choi mita 1500 akachukua shaba. Mpinzani wa kweli alipokuwepo, Schulting alishinda baadhi na kushindwa baadhi, na Beijing alifika jukwaani katika mbio zote tatu za mtu mmoja mmoja: medali nne kwa jumla katika Olimpiki moja. Huyo si mtu wa kuokota.

Kati ya hizo nne, dhahabu ya kupokezana ndiyo inayonigusa zaidi. Katika mbio hizi hakuna kijiti. Anayetoka humsukuma anayeingia kwa mikono miwili kiunoni, wote wameinama, na nguvu ya mmoja inahamia kwa mwingine. Schulting, Selma Poutsma, Xandra Velzeboer na Yara van Kerkhof waliwaacha Korea kwenye fedha na China kwenye shaba. Timu ile ilikuwa imempoteza Lara van Ruijven, bingwa wa dunia wa mita 500 wa mwaka 2019, aliyefariki Julai 2020 huko Perpignan, Ufaransa, akiwa na miaka 27, baada ya kuugua wakiwa kambini. Alikuwa mmoja wa wale wanne wa shaba ya 2018. Shaba ileile inayoitwa ya kuachiwa. Sioni vizuri kuitaja kwa dharau.

Nadhani shaka hii ina mizizi Uholanzi kwenyewe pia. Schulting alizaliwa Sneek, jimbo la Friesland, Septemba 1997. Januari ya mwaka huohuo ndipo Elfstedentocht ilipofanyika mara ya mwisho, safari ya kilomita karibu 200 juu ya mifereji iliyoganda kupitia miji 11. Watu wa huko wamelelewa na mbio ndefu: wewe, barafu na saa. Mzunguko mfupi, wenye kusukumana na waamuzi, ulichelewa kupendwa. Medali yao ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huo ilikuja 2014 tu, shaba ya Sjinkie Knegt huko Sochi, na dhahabu ya kwanza ni hiyo ya Schulting ya 2018.

Machi 2024, kwenye mashindano ya dunia ya Rotterdam, alianguka akavunjika kifundo cha mguu. Baada ya hapo alihamia mbio ndefu, za uwanja wa mita 400, wawili wawili, kila mtu na njia yake. Jorien ter Mors alishaonyesha kwamba inawezekana: alikuwa kwenye timu ya shaba ile ya 2018, na michezo hiyohiyo akashinda dhahabu ya mita 1000 za mbio ndefu. Huko hakuna wa kukuangukia wala wa kuangukia nyuma yako, na hakuna wa kusema umeachiwa. Schulting alikwenda mwenyewe kusimama mbele ya saa, akiwa tayari na dhahabu tatu za Olimpiki ambazo hakuna aliyemlazimisha kuzitetea.