Mwana Mfalme wa Bati la Biskuti

Nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na bati la biskuti ambalo halikuwahi kunipa biskuti hata moja. Ndani mlikuwa na nyuzi, sindano, futi ya kushonea, na vifungo vya mashati yaliyokwisha kuwa matambara ya kupigia deki. Juu ya kifuniko palichorwa kijana wa Kizungu mwenye nywele za mawimbi, kavaa sketi ya mirabaraba myekundu, kainama anaubusu mkono wa mwanamke. Kwa akili yangu ya utoto ile ilikuwa harusi.

Miaka mingi baadaye maisha yalinileta Edinburgh, na siku moja ya mvua nikalikuta bati la namna ileile limepangwa dirishani kwenye duka la watalii. Nikauliza. Nikaambiwa yule ni Charles Edward Stuart, mwana mfalme aliyekuja kuurudisha ukoo wake kwenye kiti cha enzi akashindwa vibaya, na yule mwanamke ni Flora MacDonald, aliyemvusha kwenda kisiwa cha Skye mwaka 1746 akiwa amevishwa nguo za mtumishi wa kike. Kichwa chake kilikuwa kimetangaziwa zawadi ya pauni 30,000. Hapakuwa na harusi pale. Palikuwa na mtu anayekimbia, ameacha nyuma yake maiti uwandani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza mauaji yale yamefikaje kwenye kifuniko cha biskuti. Nina jibu langu, na wenyeji wangu hapa hawalipendi sana.

Kwa asiyekijua kisa: mwaka 1688 Mfalme James wa Pili, Mkatoliki aliyetawala nchi ya Waprotestanti, aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na binti yake Mary pamoja na mkwewe William wa Orange. James akakimbilia Ufaransa. Wafuasi wake wakaitwa Wajakobiti, kutokana na Jacobus, yaani James kwa Kilatini. Waliinuka 1689, 1715, 1719 na 1745, na mara zote walishindwa. Ile ya mwisho ndiyo iliyokaribia. Charles, mjukuu wa James, alizaliwa Roma na hakuwahi kuikanyaga Uskoti mpaka alipotua na watu wa kuhesabika Julai 1745. Septemba alikuwa Edinburgh. Desemba alikuwa Derby, kama kilomita 200 tu kutoka London, na hapo majemadari wake wakamwambia turudi. Tarehe 16 Aprili 1746, kwenye uwanda wa Culloden karibu na Inverness, mambo yaliisha kwa muda usiotimia saa moja. Majeruhi waliuawa palepale walipolala. Vijiji vikachomwa. Wanaume wa Nyanda za Juu, yaani milima ya kaskazini mwa Uskoti, wakapigwa marufuku kuvaa mavazi yao ya mirabaraba, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1782.

Sasa tuje kwenye sanaa. Wakati Wajakobiti walikuwa bado wanaogopwa, sanaa yao ilikuwa ya kufumba. Walichonga bilauri zenye ua la waridi na machipukizi yake, ukiulizwa unasema ni ua tu. Nyingine zilichongwa neno moja la Kilatini, Redeat, yaani arudi. Inasimuliwa kwamba mezani, ikitajwa afya ya mfalme, wao walipitisha bilauri juu ya bakuli la maji: wananywa kwa ajili ya mfalme, ndiyo, lakini yule wa ng'ambo ya maji. Mtu aliyekulia kwenye kanga hahitaji kueleweshwa. Maneno yanasomwa na mtaa mzima, ujumbe ni wa mmoja, na mwenye kuguswa anajijua.

Katika jumba la makumbusho la Fort William lipo sinia ambalo kwangu mimi ndilo bora kuliko picha zote kubwa za habari hii. Ukilitazama unaona rangi zimevurugika, kama mtoto kamwaga wino akaupangusa kwa kiwiko. Ukisimamisha katikati yake kioo cha duara mfano wa kopo, uso wa Charles unajikusanya ndani ya kioo, mzima, anakutazama. Ukikiondoa kioo, mgeni akibisha hodi, hakuna kitu. Aliyechora sinia lile alikuwa na hofu ya kweli, na hofu ile mpaka leo inaonekana kwenye kazi.

Wale waliochora waziwazi ilibidi wajue upepo unavumia wapi. Allan Ramsay, kijana wa Edinburgh, alimchora Charles mwaka 1745 wakati mwana mfalme ameshika mji. Nendeni mkaione picha ile katika jumba la picha la Queen Street, muone kisichokuwemo: mirabaraba. Kavaa wigi la unga, joho la mahameli, ukanda wa buluu wa heshima ya Kiingereza. Alikuwa anaomba kazi ya ufalme London, na mtu haendi kwenye usaili kwa vazi la kijijini. Ramsay naye? Alikuja kuwa mchoraji wa Mfalme George wa Tatu, wa ukoo uleule ambao Charles alitaka kuung'oa. Simlaumu. Mchoraji naye ana tumbo.

Upande wa washindi kuna picha moja inayonisumbua. Mchoraji wake ni David Morier, Mswisi aliyelipwa na Duke wa Cumberland, jemadari wa Culloden ambaye watu wa kule walimwita Mchinjaji. Ni picha ndogo kuliko unavyoitarajia. Kulia, askari wekundu wamejipanga mstari, singe mbele, nyuso zinafanana kama matofali ya tanuru moja. Kushoto, watu wa Nyanda za Juu wanawarukia na mapanga, kila mmoja na uso wake, kila mmoja na mirabaraba yake, hata koti na suruali ya mtu huyohuyo haviendani. Simulizi ya miaka mingi inasema Morier alitumia wafungwa wa Kijakobiti kama vielelezo: watu waliokuwa wakisubiri hukumu walitolewa selo, wakashikishwa silaha, wakaambiwa waigize kushindwa kwao. Kama ni kweli, sijui ukatili unaoupita huo. Na bado ndiyo picha pekee ya zama zile ambamo waasi ni watu, kila mmoja kivyake. Bwana mkubwa alilipia sifa yake mwenyewe, mkono wa mchoraji ukaandika ushahidi. (Wauzaji wa skafu mjini hapa, wanaokuapia kwamba kila ukoo ulikuwa na mirabaraba yake rasmi tangu enzi, wangeitazama picha hii kidogo.) Morier mwenyewe aliishia gerezani kwa madeni.

William Hogarth, huko London, aliamua kucheka. Mzee Lovat, chifu mjanja aliyecheza pande zote mbili, alimchora mwaka 1746 ameketi, ananenepa kwenye koti lake, anahesabu kwa vidole idadi ya wapiganaji wa koo. Mchoro ukachapwa na kununuliwa kama maandazi ya asubuhi. Mwaka uliofuata Lovat akakatwa kichwa. Lakini Hogarth huyohuyo alichora pia askari wa mfalme wakitoka London kwenda kuukinga mji: walevi, wezi, wanawake wamewang'ang'ania. George wa Pili alichukia, na Hogarth akautabaruku mchoro wake kwa mfalme wa Prussia. Huyo namheshimu.

Halafu hofu ikaisha. Charles alikufa Roma mwaka 1788. Ndugu yake Henry, kadinali asiye na mke wala mtoto, akamfuata mwaka 1807, na mstari ukakatika. Hapo ndipo mambo yanapogeuka, tena kwa haraka ya kutia aibu. Mwaka 1819 Antonio Canova alikamilisha mnara wa marumaru ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro kwa ajili ya Charles, ndugu yake na baba yao, wenye malaika wawili wanaolia mlangoni. Miongoni mwa waliochangia gharama ni George, mtawala wa Uingereza, wa ukoo wa washindi. Miaka mitatu baadaye, akiwa amekwisha kuwa George wa Nne, alikuja Edinburgh amevaa sketi ya mirabaraba na soksi ndefu za rangi ya ngozi. David Wilkie akamchora na sketi ile, ila magoti wazi, bila zile soksi. Vazi ambalo babu za watu walifungwa kwa kulivaa sasa lilikuwa kwenye kiuno cha mfalme mnene, na wenye mji wakapiga makofi.

Kuanzia hapo walioshindwa wakaruhusiwa kupendeza. Mwaka 1892 John Pettie alimchora Charles akiingia ukumbi wa dansi wa Holyrood, jumba la kifalme la Edinburgh, mwanga umempiga usoni, sketi imenyooka, nyuma yake giza. Picha nzuri, sikatai. Imo katika mkusanyo wa familia ya kifalme. Yule waliyemtafuta kwa pauni 30,000 wamempa ukuta. Na picha za mtindo huo ndizo zilizozaa bati letu.

Ninachosema ni hiki: picha zile hazikumwonea huruma mtu yeyote. Zilingoja hatari ipite, ndipo zikatoa machozi. Na mtu anayeliliwa ndani yake ni mwana mfalme, ambaye alirudi Ulaya salama akaishi miaka mingine zaidi ya 40, akizidi kulewa. Waliobaki na njaa kwenye mabonde hawamo, au wamo nyuma, wameshika farasi.

Nampunguzia lawama John Everett Millais peke yake. Picha yake iliyoonyeshwa mwaka 1853 ina mke aliyepiga miguu chini, peku, mtoto kamlalia, anamkabidhi askari jela karatasi ya kumfungua mumewe. Mume kaegemeza kichwa begani kwake, mkono umefungwa bendeji. Macho ya yule mwanamke hayashukuru. Wala hayalii. Watu walijazana kuitazama mpaka akawekwa polisi wa kuwazuia.

Lakini kabla ya Millais, kabla ya wote, palikuwa na mwanamke mwenyewe. Christiana Fergusson alifiwa na mumewe, William Chisholm, mshika bendera wa ukoo wake pale Culloden, na anatajwa kuwa ndiye mtunzi wa wimbo wa Kigaeli, lugha ya watu wa Nyanda za Juu, ambao bado unaimbwa. Ni maombolezo: anamsifu mume kwa kimo, kwa nywele, kwa namna alivyotembea, kama wajane wanavyosifu popote. Ila mapema kabisa anamgeukia Charles kwa jina na kumwambia kwamba ni shauri lako wewe lililoniumiza, umeninyang'anya kila nilichokuwa nacho. Hakuna mchoraji aliyemwambia hivyo. Waliomtumikia adui walimdhihaki, waliomtamani walimpamba, na mjane ndiye aliyemdai.

Nilipousikia ukiimbwa mara ya kwanza, kwenye chumba kidogo juu ya baa, mama mmoja wa makamo aliuimba macho yamefumbwa bila ala yoyote, na watu wakanyamaza kwa namna ambayo sijawahi kuiona mbele ya ile picha ya Ramsay. Sijui Kigaeli. Nilielezwa maneno baadaye, na nikajiona nilikuwa nimekwisha kuyaelewa nusu yake.

Juzi nilimpigia mama simu Tanga, nikamsimulia kisa chote: Roma, Derby, Culloden, nguo za kike, mjane. Alisikiliza kwa subira yake. Nikamwambia, na yule mtu ndiye huyo aliye kwenye bati lako. Akauliza, "Mtu gani?" Nikamwambia atazame kifuniko. Nikasikia bati likifunguliwa, vifungo vikigongana. "Hapa pana kutu tu, mwanangu. Lakini nyuzi zangu zote zipo."