Kahawa Inalimwa Chwele, Inanywewa Hamburg

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya zamu, huwa nachemsha maji jikoni kwangu hapa Hamburg, nayaacha yatulie kidogo, kisha nayamimina kwenye birika la kioo lenye kahawa iliyosagwa kwa chembe kubwa. Gramu 30 kwa nusu lita. Nangoja dakika nne, nasukuma chujio chini polepole, na harufu inayopanda ni ya kwetu kabisa. Birika hili wanaliita presi ya Kifaransa. Pakiti ya kahawa imeandikwa Kenya.

Nimezaliwa kwenye shamba la kahawa karibu na Chwele, kule Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Nilifika miaka 26 bila kuonja kikombe hata kimoja cha kahawa yetu iliyopikwa inavyostahili. Hilo linaniuma hadi leo.

Nyumbani tulikunywa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, asubuhi na jioni. Mgeni wa heshima akija, mama alimtuma mtoto dukani alete kahawa ya unga ya kopo, huku nyuma ya nyumba matawi yameinama kwa matunda. Yale mekundu yote yalienda kiwandani. Sisi tulibaki na mbuni, yaani matunda yaliyokaukia mtini, nayo tuliiuza pia. Pesa za chama cha ushirika zilikuja baada ya miezi mingi, na kuna msimu mama alilipwa shilingi 60 kwa kilo ya matunda. Hesabu mwenyewe: kilo moja ya kahawa iliyokaangwa hula takriban kilo saba za matunda. Serikali ya Ujerumani peke yake hutoza ushuru wa yuro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa, zaidi ya shilingi 300, na haijapalilia hata mche mmoja.

Wapo wanaosema kahawa si mila yetu. Mbona Mombasa na Lamu, ambako haioti, wazee hukaa barazani jioni na dele, lile birika la kahawa, vikombe vidogo na kashata? Sisi wa bara, udongo unaoikubali ni wetu, lakini tumefunzwa kuilima tu.

Desemba nilibeba presi hadi nyumbani. Mama akatoa mbuni aliyoihifadhi kwenye mtungi. Tuliitwanga kutoa maganda, akaipeta kwa uteo, akaikaanga kwenye sufuria kavu juu ya mafiga huku akiigeuza kwa mwiko bila kupumzika. Punje zilipoanza kulia pa, pa, alitaka kuongeza kuni, nikamwomba aepue. Alizimwaga kwenye uteo na kuzipepea hadi zikapoa.

Nikarudi kwenye kinu, nami ndiye niliyeharibu. Nilitwanga mpaka ikawa laini kama unga wa wimbi. Chujio likakwama katikati, nikalisukuma kwa nguvu, kahawa ya moto ikaruka ikaniunguza kiganja. Mama hakusema neno. Alichukua iliyobaki, akaitwanga kwa kugusagusa, akaipitisha kwenye chekeche la chai kuondoa vumbi, akaniletea chembe kama mchele wa chenga. Safari hii chujio lilishuka taratibu kwa uzito wa mkono tu.

Alionja, akanyamaza, akaonja tena bila sukari. "Mwanangu, kumbe ina uchachu kama tunda?" Ameilima miaka 31.

Siku hiyo hatukuwa na stima, na presi haikuhitaji. Ndiyo maana nasisitiza kwamba chombo hiki kinafaa Chwele kuliko Hamburg. Hakina waya, hakina karatasi ya kununua kila mwezi. Kinataka maji ya moto na mtu mwenye subira ya dakika nne, na hivyo vyote viko katika kila boma ninalolijua. Nitasema na ubaya wake: chujio la chuma hupitisha mafuta ya kahawa, nayo mafuta hayo huweza kupandisha kolesteroli, kwa hiyo mama nimemwomba asizidishe kikombe kimoja kwa siku.

Huku nina kahawa safi na meza yenye kiti kimoja. Jirani yangu wa mlango wa pili tunasalimiana kwenye ngazi, mwaka wa nne sasa, na sijui anakunywa nini asubuhi. Kule, kabla presi haijapoa, mama watatu walikuwa wameingia wakifuata moshi, mmoja bado na jembe mkononi, na ile nusu lita tuliigawa kwenye vikombe vya chai, kila mtu funda mbili.

Wiki iliyopita mama amepiga simu. Kioo kimepasuka, alimimina maji ya moto kabla ya kulipasha birika joto. Nimenunua la chuma, la lita moja. Pia ameniambia msimu huu hatauza mbuni.