Mjomba Mwenye Pua Tatu

Mjomba alitaka picha moja tu: amekaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, uso uonekane na bustani ya nje nayo ionekane. Simu za nyumba nzima zilikuwa zimeshagonga mwamba. Ukimpata mjomba, dirisha linageuka shuka jeupe. Ukiipata bustani, mjomba anabaki kivuli chenye masikio. Mimi niliyejifunza HDR, ile mbinu ya kuunganisha picha kadhaa za mwanga tofauti ziwe moja, juzi tu kwenye video nikajibu kama daktari bingwa: "Hilo dogo, mjomba."

Nikasimamisha kamera kwenye tripodi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi nikaliacha palepale f/8, kinachobadilika kiwe mwendo wa shata, kile kilango cha kuingiza mwanga, peke yake. Pigo la kwanza 1/60 ya sekunde. La pili 1/250, mwanga upungue mara nne, dirisha lisiungue. La tatu 1/15, uzidi mara nne, uso utoke gizani. Programu itachukua kizuri cha kila moja na kuvishona pamoja. "Usitikisike," nikamwambia.

Hakutikisika. Kwenye pigo la kwanza. La pili akampungia mkono nzi aliyetua ukingoni mwa dirisha. Nzi wala hakubabaika. La tatu akageuka kuniuliza kama nimemaliza.

Nikamwambia nimemaliza. Hapo ndipo ningerudia, lakini mabingwa hawarudii.

Kwenye kompyuta, programu ikaniletea kisanduku: "Ondoa mizuka?" Nikacheka peke yangu. Nyumba hii ina mizuka tangu lini? Nikakipita. Kisha vile vitelezi vya kukoleza picha, ambavyo mtu mwenye akili huvisogeza kidogo kidogo, nikavisukuma vyote hadi ukutani.

Mama yangu! Kumbe mizuka ndiyo hii: pua tatu. Mkono wa ziada unapunga hewani, na ndani yake unaona majani ya bustani. Kila kunyanzi limekuwa bonde, upara umezungukwa na duara la nuru, na mawingu huko nje ni ya siku ya kiyama.

Mjomba akavaa miwani. Akaitazama kimya, muda mrefu. Kidole chake kikapita taratibu kwenye pua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kikaenda kusimama ukingoni mwa dirisha. Pale nzi alikuwa ametoka safi, mpaka miguu unaihesabu.

"Mpwa wangu," akasema, "kesho nipige na ile kamera uliyompigia huyu."