Soksi za Jungle

Shemeji yangu aliingia jela bila kupanga foleni. Alinaswa na bodaboda isiyo na bima, akakosa dhamana ya shilingi 20,000, akapelekwa kwa gari la serikali mpaka langoni. Nauli hakuombwa. Mimi, mtu mzima ninayelipia hata choo cha mjini, nilitoka Kayole saa 12 asubuhi kwenda kumtazama, na saa 5 bado niko nje nakaguliwa kama gunia la mahindi.

Tuanze na chapati. Mama Brayo alikesha akizipika, sita, akazifunga kwa gazeti na kunionya nisizionje. Afande hata hakuzifungua.

"Chakula cha nyumbani hakiingii, mzee."

Nikamwambia hiki si chakula, ni upendo wa dada mtu. Akasema upendo nao hauingii.

Simu haiingii. Laini haiingii, hata ile iliyokufa niliyoisahau kwenye pochi. Sigara, kiberiti, wembe, hapo naelewa. Lakini Big G?

"Watu huitafuna wakaitumia kupiga chapa ya funguo," akaniambia, nikabaki kujiuliza kati yetu wawili nani ana akili ya kihalifu. Sabuni ya kipande ilichomwa waya mara nne. Dawa ya meno ikaminywa mpaka ikabaki ya meno mawili.

Halafu akaniangalia miguuni. "Mzee, hizo soksi ni za jungle."

Ni za Brayo. Zangu zilikuwa kwenye kamba, mbichi. Kweli zina madoadoa ya kijani, na najua raia haruhusiwi nguo za jeshi. Lakini afande, soksi? Jozi moja, tena ina tundu kwenye kidole gumba, itapindua serikali gani? Nikazivua. Harufu iliyotoka hapo ilimaliza ukaguzi. Hakuna aliyeinama tena.

Kwenye foleni kijana mmoja mwenye faili kwapani alikuwa ametufundisha kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 51, inalinda haki za aliye kizuizini. Hongera zao. Cha shemeji ya aliye kizuizini ni kifungu cha ngapi?

Basi nikaacha kitambulisho langoni, nikaingia viatu vikinitafuna visigino. Shemeji alikuwa ng'ambo ya wavu, amenenepa kidogo (naapa), bado na shati lake mwenyewe maana mahabusu havai kunguru, ile sare ya wafungwa, mpaka ahukumiwe. Tulikuwa watu kama thelathini, kila mmoja anampigia wake kelele. Nilisikia neno moja tu: "Chapati?" Nikajaza kifua nijibu, afande akatangaza muda umekwisha.

Simu nilikuwa nimemwachia mama wa kibanda upande wa pili wa barabara, shilingi 20, pamoja na zile chapati. Nilimkuta zimebaki mbili, ananitazama kwa huruma.

"Pole, baba. Mkeo alipiga mara saba, nikaona nishike. Nikamwambia mwenye simu ameingia jela."

Nikafungua simu. Kaka yangu ametuma 500 "ya kuanzia dhamana". Mwenye nyumba naye anauliza, kwa heshima zote, kama kitanda changu anaweza kukiuza kabla ya kesi.