Kuwa mwenye lugha hakukufanyi mwalimu wa lugha

Hapa Unguja kuna fikra moja siipendi kabisa, eti kwa vile Kiswahili chetu basi yeyote kati yetu akipewa mgeni anaweza kumsomesha kuzungumza. Jamani hii ni kazi na inajifunzwa! TAKILUKI, yaani Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ilianzishwa 1978 kwa ajili ya kazi kama hizi, siku hizi imo ndani ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na wageni bado wanakuja, lakini walimu wa mitaani wapya wengi nnaowaona sarufi haiwashindi, kinachowashinda ni kumfunza mtu kusikiliza.

Hebu mfikirie huyo mgeni. Darasani kasoma "ninakwenda", akifika sokoni Darajani anasikia "n'nakwenda" tena mbio mbio, kajiandaa kuulizwa "hujambo" anaulizwa "za tokea jana?", anaambiwa tuonane saa nane na neno kalisikia vizuri tu ila yeye anakuja usiku, kahesabu saa nane ya kizungu. Sasa mwalimu akiona mwanafunzi haelewi anaanza kumsemesha neno moja moja kama anamlisha mtoto uji, na hapo ndo nnapopinga, maana mgeni atamwelewa mwalimu wake peke yake, akitoka nje ni kiziwi tena.

Mie naona bora umrekodie watu wa kweli, ukishawaomba ruhusa lakini, muuza samaki, konda wa daladala, bibi barazani, dakika moja inatosha, kasi ile ile. Swali mpe KABLA hajasikiliza. Ukimuuliza baada ya kusikiliza unampima kumbukumbu tu, hujamfunza kitu. Mara ya kwanza ajue nani anaongea na kuhusu nini, basi. Mara ya pili atafute bei au saa, ya tatu afatilie kwenye maandishi ya rekodi hiyo aone pale alipopotea sauti zilimezwa vipi, na hapa usiharakishe kwasababu hapa ndo sikio linapofunguka.

Kwenye kuzungumza dawa ni mwalimu anyamaze. Mary Budd Rowe wa Marekani aliwachunguza walimu wa sayansi miaka ya 1970 akakuta wakishauliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu, walipofika sekunde tatu majibu yakawa marefu zaidi. Kwa lugha ya pili nadhani hata tatu hazitoshi, mtu anatafuta neno, anatafuta ngeli, na sie tushamrukia na Kiingereza kwa huruma, huruma hiyo inamnyima kusema! Akisema "kitabu yangu" mwache amalize hadithi yake, utamrekebisha baadae.

Zoezi nnalolipenda zaidi, mwanafunzi anamsimulia mwenzake jambo kwa dakika nne, anahamia kwa mtu mwengine jambo lile lile dakika tatu, kisha wa tatu dakika mbili. Ulimi unalainika wenyewe, tena yule anayesikiliza kila mara ni mpya kwahiyo kusikiliza kwake ni kwa kweli.

Na wenzangu mlioko Pemba, rekodini wazee wa huko huko. Mgeni anayekwenda kuishi Wete au Micheweni hatosaidika na sauti za watu wa Mjini peke yake, Kipemba kina mambo yake na ana haki ya kukisikia tangu wiki ya mwanzo.