Vioo vya ubalozi havimlindi mtu Johannesburg

Septemba 2019, maduka ya wageni yalipokuwa yanachomwa Johannesburg, vijana wa hapa Lubumbashi walijibu kwa mawe. Walivunja vioo vya ubalozi mdogo wa Afrika Kusini, wakapora maduka ya Waafrika Kusini. Hasira yao naielewa. Lakini ni Mkongomani gani wa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, aliyelala salama usiku ule kwa sababu ya kioo kilichovunjika huku? Walioumia ni watoto wa komini zetu za Katuba na Ruashi waliokuwa wakiuza na kulinda kwenye maduka hayo hayo.

Vijana hurusha mawe pale wasipoona serikali yao ikifanya lolote. Kwa hiyo hoja yangu naielekeza Kinshasa.

Serikali zikishambuliwa watu wao, hupenda mambo mawili: kumwita balozi nyumbani na kuwarudisha raia. Mwaka ule Nigeria ilisusia mkutano wa uchumi wa Cape Town, na shirika binafsi la ndege, Air Peace, likajitolea kuwarudisha Wanigeria bure. Ndege ya kwanza ilichelewa kuruka kwa sababu makaratasi ya baadhi ya abiria yalikuwa na kasoro. Malawi na Zimbabwe nazo zilipeleka mabasi mwaka 2015, baada ya vurugu za Durban. Basi nalikubali, linaokoa roho, ingawa halimrudishii mtu saluni wala mtaji wake. Balozi kuitwa nyumbani ndiko kusikoniingia akilini. Ni kumwondoa daktari zahanati siku kipindupindu kimeingia.

Jirani yangu, mama mmoja wa komini ya Kenya hapa Lubumbashi, ana mtoto anayelinda magari kwenye maegesho huko Durban. Kijana anaishi kwa karatasi ya mwomba hifadhi, ile inayoongezwa muda kila baada ya miezi, na kila muda wa kuiongeza ukifika mama hashiki kazi mpaka simu ilie. Nilimwuliza kama mtoto amejiandikisha ubalozini Pretoria. Akanicheka.

“Mwanangu, alikimbia hapa akisema serikali inamtafuta. Sasa aende kwa serikali hiyo hiyo kusema nini?”

Sikuwa na jibu, na sidhani wizara inalo. Wakongomani wengi walioko Afrika Kusini wako hivyo. Aliyeomba hifadhi analindwa na sheria ya wakimbizi ya Afrika Kusini yenyewe, ya mwaka 1998, si na bendera iliyoko mlangoni kwa balozi wetu. Serikali inayotaka kumsaidia isingoje aje kupanga foleni. Ilipie mawakili kupitia makanisa na mashirika ya kule, kama Lawyers for Human Rights, wafuate kesi hadi hukumu bila kumwuliza mtu alikimbia nini. Kwa mfanyabiashara mwenye viza, ubalozi uwe na orodha: nani yuko wapi, namba gani ya simu, ndugu gani wa kuarifiwa. Kazi hiyo haipigwi picha, ndiyo maana haifanywi.

Nikumbushe 2008. Vurugu dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, mtaa wa Johannesburg, mwezi Mei, wakafa watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Waliohukumiwa kwa mauaji ni wachache mno. Anayechoma duka leo anajua hesabu hiyo kuliko mabalozi wote.

Kuna jambo linalotupunguzia sauti, na hatulipendi. Oktoba 2018 Angola iliwasukuma Wakongomani zaidi ya 300,000 wavuke kurudi Kasai, wengi kupitia Kamako mpakani, na Kinshasa ilikuwa imezama kwenye uchaguzi wa Desemba. Huku kwetu, miaka ya 1992 na 1993, Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala stesheni na watoto wakingoja treni. Wale walikuwa raia wenzetu. Mtu wa Pretoria akitutajia hayo, tutainamisha vichwa, kisha tuendelee kudai, maana kijana wa Durban hakumfukuza Mkasai yeyote.

Na uwezo wa kudai tunao. Sehemu ya shaba na kobalti yetu hupita mpaka wa Kasumbalesa kwenda bandari ya Durban, na sehemu ya mwisho ya safari ni barabara ya N3, ambako Aprili 2018, pale Mooi River, malori yalichomwa katika ugomvi wa kuajiri madereva wa kigeni. Mkataba wa bwawa la umeme la Inga wa 2013 unaipa Afrika Kusini megawati 2,500 siku bwawa likijengwa. Wao nao wana cha kutukumbusha: wanajeshi wao 14 walikufa Januari 2025 katika mapigano ya kuzunguka Goma, mashariki mwa nchi yetu. Tunadaiana, kwa hiyo tuzungumze kama watu wanaodaiana, bila kelele.

Nchi hizi mbili zina tume ya pamoja. Kila inapokaa, kabla ya umeme na madini, upande wetu uweke mezani orodha ya Wakongomani walioshambuliwa, na kila jina lijibiwe: nani alishtakiwa, kesi imefika wapi, fidia ni kiasi gani. Majibu yasomwe redioni hapa Lubumbashi, kwa Kiswahili, ili mama wa komini ya Kenya ayasikie.