Msitu Upi Tunaourudisha?

Katika mazungumzo kuhusu uhifadhi wa visiwa, mtu mmoja alitamka kwamba kuhesabu chavua ya kale, yaani unga wa maua uliohifadhika topeni, ni kupoteza fedha, kwa kuwa msitu hupandwa kwa miche, si kwa tope la kinamasi. Kauli hiyo inanikera hadi leo, maana hakujiuliza anataka kupanda msitu upi.

Tuitazame Morisi. Waholanzi waliweka makazi huko mwaka 1638. Leo sehemu kubwa ya tambarare zake ni mashamba ya miwa, na hakuna aliye hai aliyeuona msitu wa awali. Chavua ndiyo shahidi aliyebaki. Ganda lake gumu hudumu maelfu ya miaka katika tope lisilopitisha hewa, hivyo mtaalamu huyeyusha udongo kwa asidi, kisha huzitambua punje kwa hadubini, tabaka baada ya tabaka. Nakubali kwamba ushahidi huo una upungufu: mimea inayochavushwa na upepo humwaga punje nyingi mno, ilhali inayotegemea wadudu huacha chache, na mti uliotamalaki unaweza kuonekana adimu.

Ndiyo maana mifupa ya kobe haiwezi kupuuzwa. Mare aux Songes, kinamasi cha Morisi kilichofukuliwa mwaka 1865 mifupa ya dodo, ndege asiyeruka aliyetoweka, kina tabaka la zaidi ya miaka 4,000 lililojaa mifupa, na iliyo mingi ni ya kobe wakubwa ambao sasa wametoweka kabisa. Chavua hutueleza ni mimea gani iliyokuwapo. Kobe hutueleza ni nani aliyekula majani yake, akameza matunda na kuzibeba mbegu. Ukiirudisha miti bila mlaji wake, umerudisha nusu ya msitu.

Katika Île aux Aigrettes, kisiwa kidogo kando ya Morisi, hilo limeonekana waziwazi. Tangu mwaka 2000 wamepelekwa huko kobe wakubwa wa Aldabra, kisiwa cha Shelisheli, jamii ileile inayoishi Changuu, Unguja. Si kobe wa asili wa Morisi, na anayelalamikia hilo ana haki. Lakini wanameza matunda ya abunusi, mbegu zinazopita tumboni mwao huota vizuri zaidi, na miche imechipua mbali na miti mama.

Anayefadhili upandaji miti visiwani na adai kwanza taarifa ya chavua na mifupa ya mahali hapo, na asipoipata, azuie fedha zake.